Dar, Tanga, Lushoto mpaka Marangu na gari dogo: jinsi ya kuzunguka kwa ndugu siku tisa bila kumaliza akiba

Likizo ya mwezi wa sita tulitoka Dar sisi wanne, mimi, baba watoto na madogo wawili (mmoja ana miaka 11, mwingine 7), kwenye Passo yetu, tukapita Tanga kwa shangazi yangu, Lushoto kwa wifi, Marangu kwa bibi yake mume wangu, tukarudi. Siku tisa, kama kilometa 1,500 hivi, na hela yote iliyotoka haikufika milioni. Watu wengi wameniuliza tulifanyaje kwaiyo naandika hapa hatua kwa hatua, wewe badilisha miji kutokana na ndugu zako walipo. Mpango wenyewe ni kwamba usiku unalala au unakula kwa watu wako, mchana unatoka kutembea sehemu za karibu, jioni unarudi. Na ile hela ya hoteli uliyookoa usiirudishe yote mfukoni, sehemu yake ni ya hao wenyeji, hapo ndo wengi tunakosea.

HATUA YA 1: PIGA SIMU KABLA HUJAPANGA NJIA

Usianze na ramani. Anza na simu, na namaanisha kupiga, sio kutupia meseji kwenye grupu la ukoo "tunakuja jamani", mana kwenye grupu kila mtu atajibu karibuni sana na hujui nani kamaanisha. Piga, sikiliza sauti, uliza maswali ya ukweli: kuna wageni wengine? Kuna mgonjwa? Maji yanatoka? Watoto wana mitihani? Mtu akisita kidogo kabla ya kusema karibu, ujue kuna kitu, na sio kwamba hakupendi.

Shangazi yangu Tanga ana nyumba kubwa na watoto wake wote wameshaondoka, yeye akisikia tunakuja anaanza kuhesabu siku. Ila wifi yangu Lushoto ni mwalimu, anakaa kota ya vyumba viwili na ana mtoto mchanga, tukilala watu wanne pale yeye na mumewe wanalala wapi? Tukamwambia tutakula kwako na kushinda kwako ila kulala tutalala gesti. Alikataa kata kata, akasema "watu watasema nimewafukuza", ikabidi baba watoto aongee nae kama kaka mtu, akamwambia dada hatukukimbii, tunakupunguzia kazi. Akakubali kwa shingo upande. Jioni ya pili mwenyewe akaniambia pembeni, wifi afadhali mlivyofanya, hata nimelala. Kwaiyo sio kila ndugu wa kulala kwake, wengine wa kula nao, wengine wa kuwasalimia nusu saa na kuwaachia sukari.

Na muda uwe wazi toka mwanzo. Taja siku ya kufika na siku ya kuondoka kwenye simu hiyo hiyo. Wazee walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sisi tulipokaa siku ya tatu (Marangu) jembe tulilishika kweli, nitafika huko.

Kuhusu tarehe: masika, yani mwezi wa tatu mpaka wa tano, mimi siendi milimani na gari dogo. Mwezi wa sita na wa saba barabara kavu na watoto wamefunga shule, ila Lushoto na Marangu baridi kali, beba masweta. Na disemba ile wiki ya kabla ya krismasi achana nayo kama lengo lako ni kubana matumizi, Wachaga wote wa Dar wanakuwa wanarudi nyumbani, njia inajaa na magari yanaovateki kama wamechanganyikiwa.

HATUA YA 2: PIGA HESABU KWA KARATASI

Mafuta kwanza. Rudisha kwenye sifuri ile mita ya kilometa za safari (trip), endesha gari lako wiki nzima, ujue lita moja inakupeleka wapi. Yetu kwenye haiwei inaenda kama 14 ikiwa imebeba watu na mizigo. Chukua kilometa zote pamoja na za matembezi, gawa kwa hiyo 14, zidisha kwa bei. 1,500 gawa kwa 14 ni kama lita 107, tuchukulie lita ni 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, inakuja kama 321,000. Bei halisi angalia kwenye bei kikomo za EWURA (mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji), zinatoka kila jumatano ya kwanza ya mwezi na zimeandikwa mji kwa mji, kwaiyo unajua mapema kama ujaze Tanga au usubiri Moshi.

Yetu ilikaa hivi: mafuta 330,000, wenyeji 210,000 (shangazi 80, wifi 50, bibi 80), gesti usiku tatu 90,000, viingilio na waongozaji 100,000, kula njiani 70,000, dharura 150,000. Jumla 950,000. Ile ya dharura iwe kwenye laini ya simu ambayo hutumii kila siku, ukiiweka pamoja na zingine itaondoka kwa maji ya kunywa na mahindi ya kuchoma hujui hata saa ngapi.

Hela ya wenyeji usisubiri kuwapa siku ya kuondoka kwenye bahasha. Tuma kwa simu siku mbili kabla hujafika, sema tu "shangazi hiyo ni ya mboga". Fikiria mwenyewe, mtu anayeishi kwa pensheni au mshahara wa mwalimu anapokea watu wanne, atakopa duka la jirani ili msijue hana, na nyie mkiondoka anabaki na deni. Ukituma mapema ananunua kwa raha zake na anajisikia mwenyeji kweli.

HATUA YA 3: GARI

Hapa nimeumia kwaiyo nisikilize. Safari ya kabla ya hii tulipeleka gari kwa fundi, akasema kila kitu freshi, akaweka maji ya bomba kwenye rejeta badala ya kulanti (yale maji maalum ya kupozea injini) na mfuniko hakuukaza vizuri. Maeneo ya Kabuku mshale wa joto ukapanda mpaka juu, tukapaki juani saa nzima na watoto tukisubiri injini ipoe. Toka siku hiyo fundi akimaliza nafungua boneti mwenyewe. Sevisi fanya wiki moja kabla, sio jana yake, ili kama kuna kitu kimelegea kijioneshe ukiwa bado Dar.

Angalia oil, kulanti (fungua rejeta ikiwa ya BARIDI), pedi za breki, maji ya waipa, taa zote, upepo wa tairi asubuhi kabla hujatembea, na tairi la spea, mana wengi tuna spea haina upepo na hatujui. Jeki na spana ya nati viwepo na ujaribu kufungua nati moja nyumbani, kuna nati zimekazwa na mashine haziachii kwa mkono. Mtungi wa kuzimia moto usiwe umepitwa muda, zile pembetatu nyekundu za kuweka barabarani, leseni, bima. Kosa moja barabarani ni elfu 30, hiyo ni gesti ya usiku mmoja. Na kama gari lina deni la trafiki la zamani lilipe kabla, wakikusimamisha wanaangalia namba ya gari hapo hapo.

Mizigo: gari dogo lisilemewe. Begi moja kwa watu wawili.

HATUA YA 4: KUTOKA DAR

Toka saa kumi na moja alfajiri. Njia ziko mbili: kupitia Kibaha na Chalinze, au kupitia Bagamoyo mpaka Msata, ile lami ya kilometa 64 inayokuja kuungana na barabara ya Segera. Mimi kwa gari dogo nachagua Bagamoyo mana malori ya kwenda Morogoro hayapo, na watoto wakiamka njaa tunanywa chai Bagamoyo mjini. Kama una siku ya ziada Bagamoyo yenyewe inatosha kuwa tembezi la siku moja kutoka Dar, magofu ya Kaole, na misheni ya wakatoliki iliyoanza 1868. Sisi tulipita tu.

Baada ya Msata unavuka mto Wami kwenye daraja jipya, sio lile jembamba la zamani lililokuwa linatupandisha presha, halafu Mkata, Kabuku, Segera. Kwenye vijiji kibao cha 50 ni 50, tochi zinakaa ukitoka tu kwenye kona au chini ya mti, usijidanganye na basi lililokupita. Segera unakata kulia kwenda Tanga, kama kilometa 75 hivi, njiani Muheza ndo machungwa, nunua ila usijaze, utarudi hapo hapo. Dar mpaka Tanga ni kama kilometa 350, tukiwa na vituo viwili tulifika saa saba mchana. Chakula cha njiani pika nyumbani, chapati, mayai ya kuchemsha, chai kwenye chupa, kwenye zile hoteli za mabasi watu wanne wakikaa mezani mara moja tu bajeti inatikisika.

HATUA YA 5: MATEMBEZI YA MCHANA, NA UMCHUKUE MWENYEJI

Hili ndo la moyoni kwangu. Ukiwa mgeni unakimbilia kuona vivutio alafu mwenyeji unamwacha jikoni anawapikia mkirudi. Usifanye hivyo. Acha kiti kimoja kwenye gari, watoto wabanane, mchukue.

Shangazi yangu amezaliwa Tanga, ana miaka 68, hajawahi kuingia mapango ya Amboni wakati yako kilometa kama nane tu kutoka mjini, barabara ya kwenda Horohoro. Nilivyomwambia twende akasema mimi niende mapangoni kufanya nini, huko si kwenye mizimu? Ni kweli watu mpaka leo wanaenda pale kuomba, utakuta wameacha chupa za marashi na vitambaa. Tukambembeleza, akavaa raba za mwanangu mkubwa zinamtosha, akajifunga kanga kiunoni. Ndani kuna giza totoro, muongozaji anatangulia na tochi, sehemu zingine unainama kabisa. Alimshika yule kijana begani hakumuachia mwanzo mpaka mwisho. Tulipofika sehemu jiwe limelowa, akasimama, akaweka kiganja chote kwenye ukuta akakaa nacho pale, akasema taratibu, "Kumbe jiwe linatoka jasho." Alafu akaanza kuwahadithia wanangu kwamba wao wakiwa wadogo wakubwa walikuwa wanawatisha kwa jina la Osale Otango, yule anayesemekana alijificha kwenye mapango yale miaka ya 1950 akiwakimbia wakoloni, ukilia usiku unaambiwa Osale anakuja. Madogo walikuwa hawapumui. Muongozaji mwenyewe alinyamaza akamwachia shangazi aongee. Jioni ile alipiga simu kwa mashoga zake mmoja mmoja, "nimetoka Amboni mimi", nikiwa jikoni nakuna nazi namsikia.

Vya kujua Amboni: mengi yamefungwa, watalii wanaingizwa pango moja, vaa viatu visivyoteleza na nguo usizoogopa kuchafua, na raia analipa kwa shilingi, kiingilio cha kawaida kabisa, beba kitambulisho cha NIDA. Jioni tukaenda Raskazone kuogelea. Mkiwa na siku ya tatu nendeni Pangani, sisi haikutosha.

Tanga kwenda Lushoto rudi Segera, Korogwe, Mombo, pale Mombo unakunja kupanda mlima kilometa 33. Barabara ni lami lakini nyembamba na kona juu ya kona, piga honi kila kona usiyoiona mbele. Kupanda sio shida, shida ni kushuka. Safari yetu ya kwanza miaka hiyo tulishuka na gia ya D tumekanyaga breki njia nzima, tulipofika chini ya Soni tukaanza kusikia harufu ya kuungua na pedali imekuwa laini. Weka gia ndogo, kwenye automatiki ni ile 2 au L, zingine zimeandikwa S au B, acha injini ishikilie gari, breki unagusa na kuachia. Ukisikia harufu simama sehemu salama nusu saa, usimwagie magurudumu maji.

Lushoto tembezi la bei rahisi kuliko yote ni Irente, kama kilometa sita kutoka mjini, sisi tulienda kwa miguu kupitia vijijini, watoto walichoka lakini hawakulalamika. Unafika ukingoni unaona Mazinde na mashamba ya mkonge chini kabisa kama zulia na tambarare haina mwisho. Njiani kuna shamba la Irente wanauza jibini, jamu na mkate wanaotengeneza wenyewe, tukanunua tukala kwenye majani. Wifi alikuja na mtoto mgongoni, anafundisha hapo miaka minne na alikuwa hajafika ukingoni hata siku moja. Kuna na msitu wa Magamba kwa wanaopenda kutembea zaidi.

Lushoto mpaka Marangu ni kama kilometa 260, ni kuendesha tu, Same jua kali kunywa maji, ukifika Himo unakata kupanda mlimani.

HATUA YA 6: KWA BIBI

Kwa mtu mzima sana mpango wa matembezi unabadilika. Bibi ana zaidi ya miaka 80, magoti hayamruhusu, hakuna kumpakia kwenye gari. Kwaiyo siku moja nzima iwe yake, msiende popote. Kabla ya kutoka Dar tulisafisha picha kama thelathini kutoka kwenye simu zetu, za harusi, za watoto, za babu alipokuwa hai, na hiyo ndo zawadi aliyoipenda kuliko kitenge. Alizipanga kitandani zote, akawa anauliza huyu nani, huyu nani, moja ya babu akaiingiza kwenye kanga yake hakuionesha tena. Mwanangu mdogo akamrekodi anavyohadithia jinsi walivyohamia pale, dakika arobaini, tunayo.

Asubuhi ya siku ya tatu tukashika jembe, baba watoto na mkubwa wakakata majani ya ng'ombe, mimi na mdogo tukapalilia kaburi la babu pale kihambani (shamba la ukoo la migomba) pembeni ya mimea ya masale. Mchana tukapika mtori. Hiyo siku haina gharama yoyote zaidi ya nyama kilo moja.

Matembezi tuliyofanya ni mawili: maporomoko ya Kinukamori, karibu na Marangu Mtoni, nusu siku inatosha, na siku nyingine Chemka, ile chemchemi ya Kikuletwa. Chemka unashuka Moshi, unaenda Boma Ng'ombe, unakunja njia ya vumbi. Watu wanaiita maji moto ila sio ya moto, ni ya vuguvugu, safi mpaka unaona chini, vijisamaki vinakung'ata miguu vinakutekenya. Nenda siku ya kazi na uwahi, wikiendi inajaa. Mtoto asiyejua kuogelea avae jaketi la kuelea, kina kipo.

HATUA YA 7: MZIGO UNAOZUNGUKA

Hii ilitupunguzia gharama za zawadi sana. Usinunue zawadi zote Dar. Kila sehemu nunua kile kinachokosekana unapoenda. Kutoka Dar tulibeba sabuni na mafuta ya kula tu. Tanga tukachukua nazi kumi na samaki wakavu (weka kwenye ndoo yenye mfuniko na ufunge na nailoni, la sivyo gari litanuka mwezi mzima), nusu tukamwachia wifi, nusu zikaenda kwa bibi. Lushoto tukachukua karoti, kabichi na plamzi kwa bei ambayo Dar huipati, zikaenda Marangu. Marangu bibi akatufungia ndizi na kahawa. Korogwe tukaongeza machungwa. Na ile ndizi mkungu mmoja ulishushwa njia panda ya Segera, tukampa kondakta wa basi la Tanga ampelekee shangazi, tukalipia mzigo, jioni akapiga simu umefika.

HATUA YA 8: KURUDI

Usirudi Marangu mpaka Dar kwa siku moja kama dereva ni mmoja, ni zaidi ya kilometa 500 na usiku malori yanapaki barabarani bila taa. Sisi tulilala Korogwe, gesti yenye parking ya ndani, tukaondoka saa kumi na mbili asubuhi tukiwa wazima. Angalia tena oil na kulanti kabla ya siku ya kurudi, gari limepanda milima miwili hilo.

Ukifika nyumbani, kabla hujashusha hata begi, piga simu kote ulikopita useme mmefika. Sisi tulichelewa tukajisahau na mizigo, saa tatu usiku simu ikaita, ni bibi, kaazima simu ya jirani, alikuwa bado amekaa nje kwenye baridi anasubiri kusikia.